Herufi 438 Tu! Mtazamo wa Kwanza wa Jeni ya RPS19

Niseme mapema, kabla pumzi haijanikata: katika jeni zote za binadamu nilizowahi kuzifungua na kuzisoma, hakuna iliyonisisimua kama RPS19. Si jeni yenye jina. Magazeti hayaitaji, na hakuna anayejisifu kuwa nayo, kwa kuwa kila mmoja wetu anayo. Haihusiki na rangi ya macho wala na urefu wa kimo. Inachofanya ni kubeba maelekezo ya protini moja fupi, ya asidi amino 145, inayokaa kwenye kichwa cha sehemu ndogo ya ribosomu. Kwa maneno hayo unaweza kudhani hakuna la kuona. Lakini jamani, ingia ndani!

Tuanze na makazi yake. RPS19 iko kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 19, eneo linaloandikwa 19q13.2. (Hizo 19 mbili, ya kromosomu na ya jina la jeni, zimekutana kwa bahati.) Kromosomu yenyewe ni fupi, herufi kama milioni 59 tu, lakini hakuna nyingine katika mwili wa binadamu iliyosheheni jeni kiasi hicho kwa urefu wake. Ukiisogelea kwenye Ensembl, kanzidata huria ya jenomu inayotunzwa Hinxton, Uingereza, unaona majirani wamebanana kulia na kushoto. RPS19 inachukua herufi takriban 11,000. Imegawanyika katika eksoni sita, na kati ya eksoni na eksoni kuna introni, vipande ambavyo seli huvinakili, kisha ikavikata na kuvitupa. Ukiondoa vyote visivyosomwa kuwa protini, unabaki na herufi 438. Mia nne thelathini na nane! Tatu za mwisho kazi yake ni kusema "ishia hapa". Unaweza kuziandika zote kwa mkono kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na uhai wako wote unazitegemea.

Kilichonishika kwanza ni eksoni ya kwanza, ambayo haitoi hata asidi amino moja. ATG, zile herufi tatu za kuanzia protini, ziko mwanzoni kabisa mwa eksoni ya pili. Basi ya kwanza inafanya nini? Inabeba swichi. mRNA ya jeni hii, yaani nakala inayosomwa ili kutengeneza protini, huanza na C, kisha hufuata mfululizo wa C na U tupu, bila A wala G ya kuuvunja. Jeni za protini za ribosomu za binadamu zina alama hiyohiyo mwanzoni mwake, na seli huitumia kuziwasha na kuzizima kwa pamoja. Chakula kikiwepo, kimeng'enya kiitwacho mTOR huwa macho na mRNA hizo husomwa kwa kasi. Asidi amino zikipungua, mTOR hutulia, na protini iitwayo LARP1 hung'ang'ania hapo mwanzoni na kuzuia usomaji. Tazama busara yake: kujenga ribosomu ni kazi ghali kuliko karibu kazi zote za seli inayokua, kwa hiyo seli yenye njaa haijengi. Na amri hiyo yote imeandikwa kwa herufi chache ambazo msomaji wa haraka angeziruka.

Sasa protini yenyewe. Nilipozipanga asidi amino zake kwa mstari, lisini na arjinini zilikuwa zinanirukia machoni: lisini 15, arjinini 12, jumla 27 kati ya 145. Hizi mbili zina chaji chanya. RNA, kwa upande wake, imebeba chaji hasi kwenye uti wake wote. Ukijua hilo, huhitaji kuambiwa protini hii inaishi wapi. Imeumbwa ili ishikamane na RNA, na ribosomu kwa sehemu kubwa ni RNA. Mwisho wake ni lisini, lisini, histidini, kama vile mkono umeachwa wazi ukitafuta cha kushika.

Ukitaka kuiona kwa umbo, fungua muundo nambari 4UG0 kwenye hazina ya miundo ya protini. Huo ni ribosomu ya binadamu kama ilivyochapishwa mwaka 2015 na kundi la Bruno Klaholz kule Strasbourg, Ufaransa, kwa hadubini ya elektroni inayopiga picha sampuli zilizogandishwa. Zungusha kwa kidole. Pale juu, kichwani mwa sehemu ndogo, kuna kifurushi cha mizunguko ya helikali, mmoja umepita katikati na mingine imeuzunguka. Ndiyo yenyewe. Katika miundo siku hizi huitwa eS19, na hiyo e ina habari: protini hii haimo katika bakteria. Imo kwetu, kwa mimea, kwa hamira, na kwa akea, vile viumbe vya seli moja ambavyo baadhi yake huishi kwenye maji ya moto sana chini ya bahari. Kwa hiyo picha za sehemu ndogo zilizomletea Venkatraman Ramakrishnan fungu lake la Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2009, pamoja na Thomas Steitz na Ada Yonath, zilikuwa za bakteria, na eS19 haikuwamo. Tulilazimika kusubiri picha za ribosomu za jamaa zetu wa karibu zaidi, kisha zetu wenyewe.

Kwa aliyesahau masomo ya sekondari: ribosomu ndiyo inayosoma mRNA na kuunganisha asidi amino kuwa protini. George Palade alizieleza punje hizo ndani ya seli mwaka 1955, akapata Nobel mwaka 1974. Ribosomu ya binadamu ina protini 80 na RNA nne. Inaisogeza mRNA herufi tatu kwa wakati mmoja, kama mtu anayevuta tasbihi, punje moja kisha nyingine, na kwa kila punje asidi amino moja huongezwa kwenye mnyororo. Hemoglobini, insulini, kingamwili, misuli ya moyo: hakuna inayopita nje ya njia hii. Seli ya binadamu inayokua kwa kasi hutengeneza takriban sehemu 7,500 za ribosomu kwa dakika. Dakika moja! Na kila sehemu ndogo inayokamilika inadai nakala moja ya protini ya RPS19.

Inadai kwa sababu gani? Hapa ndipo niliposimama nikasoma tena. Nilidhani protini hii ni ya kukaa tu mahali pake, kipande kimoja katika 80. Kumbe inahitajika hata kabla ribosomu haijakuwa ribosomu. RNA ya sehemu ndogo, iitwayo 18S, huzaliwa ikiwa ndani ya uzi mrefu pamoja na nyingine mbili, na lazima ikatwe hatua kwa hatua, kuanzia ndani ya kiini cha seli. Watafiti wa Toulouse, wakiwa na Pierre-Emmanuel Gleizes, na wengine wa Sweden walionyesha mwaka 2007 kwamba RPS19 ikipungua, ukataji wa upande wa mwisho wa 18S unakwama. RNA changa ya ukubwa wa 21S inarundikana, na sehemu ndogo hazikamiliki. Asidi amino 145 zinashikilia mlango wa ujenzi mzima.

Na sasa hadithi iliyoifanya RPS19 iingie katika historia ya tiba. Mwaka 1936 Hugh Josephs alieleza habari za watoto wachanga wenye upungufu mkubwa wa damu. Miaka miwili baadaye, huko Boston, Louis Diamond na Kenneth Blackfan waliuchora ugonjwa huo kwa ukamilifu, nao ukabaki na majina yao. Ugonjwa wa Diamond-Blackfan ni wa ajabu kwa uteuzi wake. Ndani ya uboho, seli nyeupe zinatengenezwa, chembe sahani zinatengenezwa, lakini watangulizi wa seli nyekundu karibu hawaonekani. Mtoto anapauka katika miezi yake ya kwanza. Ni ugonjwa adimu, watoto kama 5 hadi 7 katika kila milioni wanaozaliwa, na kwa miaka zaidi ya sitini hakuna aliyejua mzizi wake.

Mlango ulifunguliwa na msichana mmoja mwenye ugonjwa huo, ambaye kipande cha kromosomu yake ya 19 kilikuwa kimebadilishana nafasi na kipande cha kromosomu X. Watafiti wa Uppsala, Sweden, wakiongozwa na Niklas Dahl, walijiuliza swali ambalo hadi leo linanipa msisimko: ni nini kilichovunjika pale zilipokatikia? Waliufuata mkato huo kama wawindaji wanaofuata nyayo, na mwaka 1999 Natalia Draptchinskaia na wenzake wakachapisha jibu katika jarida la Nature Genetics. Mkato ulikuwa umeipasua RPS19. Kisha wakakuta mabadiliko katika jeni hiyohiyo kwa wagonjwa wengine wasio na uhusiano naye. Ilikuwa mara ya kwanza protini ya ribosomu kuhusishwa wazi na ugonjwa wa binadamu.

Wengi hawakuamini. Seli zote zina ribosomu, walisema, sasa iweje ugonjwa wa ribosomu uguse damu tu? Labda protini hii ina kazi nyingine ya siri. Ubishi ulianza kulegea mwaka 2006 ilipopatikana RPS24, nayo protini ya ribosomu, kwa wagonjwa wa namna hiyohiyo. Zikafuata RPS17, RPL5, RPL11, RPL35A, na leo orodha imevuka jeni 20. Hata hivyo RPS19 ndiyo bado inayoongoza: karibu robo ya wagonjwa wote wana kasoro ndani yake.

Nikiwa na hadithi hiyo kichwani nilikwenda eksoni ya nne kutafuta nafasi ya 62. Hapo protini yenye afya ina arjinini, na herufi zake ni CGG. Badilisha C ya kwanza iwe T, unapata TGG, yaani triptofani, na mtoto anaugua. Badilisha G ya katikati iwe A, unapata CAG, yaani glutamini, na mtoto anaugua. Herufi moja! Moja kati ya zaidi ya bilioni tatu, tena kwenye nakala moja tu, aliyoipata kwa mzazi mmoja au iliyoharibika upya kwake mwenyewe, huku nakala ya pili ikifanya kazi vizuri. Mahali hapa hupigwa mara kwa mara katika familia zisizojuana, na sababu mojawapo iko katika herufi zenyewe: C inapofuatwa na G katika DNA yetu ni dhaifu, inageuka kirahisi kuliko mahali pengine. Nafasi ya 56 nayo ni arjinini, nayo imo katika orodha ya wagonjwa. Nimekaa na mstari huu wa herufi kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa na shairi lolote.

Na swali la wale wabishi? Jibu lake limekuja kwa vipande, na kila kipande kinapendeza. Cha kwanza ni king'ora. Ribosomu zikikwama kujengwa, protini mbili za sehemu kubwa, RPL5 na RPL11, zikiwa na RNA ya 5S, zinabaki bila pa kwenda. Zinaishika MDM2, protini ambayo kawaida huivunja p53. p53 inapanda, na seli inaacha kugawanyika au inajiua. Watangulizi wa seli nyekundu wanagawanyika kwa kasi mno, maana mwili unahitaji kutoa seli nyekundu kama milioni mbili kila sekunde, kwa hiyo king'ora hicho kinawaumiza wao zaidi.

Kipande cha pili nakipenda zaidi. Mwaka 2012 Vijay Sankaran na wenzake huko Boston walikuta wagonjwa wachache wenye dalili za Diamond-Blackfan ambao ribosomu zao hazikuwa na shida. Kilichokuwa kimeharibika ni GATA1, protini inayoamuru seli iwe nyekundu. Mwaka 2014 kundi hilo likaunganisha nyuzi mbili: ribosomu zikipungua, mRNA ya GATA1 ni miongoni mwa zinazosomwa kwa shida, hivyo amri ya kuwa seli nyekundu haitoki vya kutosha. Uchunguzi wao wa mwaka 2018 uliongeza kwamba ribosomu zilizobaki ni nzima kabisa, ila ni chache. Tafakari hapo! Uhaba wa kitu kinachotumiwa na kila seli unaamua hatima ya aina moja ya seli. Kwangu hii ni moja ya hoja nzuri kabisa za biolojia ya karne hii, na imeanzia kwenye jeni yetu ya herufi 438.

Kuna jambo jingine sikulitarajia kabisa. Watafiti wa Kumamoto, Japani, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba protini ya RPS19 ikitoka nje ya seli inayokufa na kufungwa mbili mbili na kimeng'enya, inageuka kuwa mwito. Inashika kipokezi kiitwacho cha C5a kwenye monosaiti, seli nyeupe za kinga, na kuziita zije kusafisha. Protini iliyotumika maisha yote ikijenga protini nyingine, baada ya seli kufa inaita wazikaji. Sitasema zaidi, maana hapo ningeandika makala nyingine.

Je, kuna la kulalamikia? Lipo. Jenomu yetu imejaa nakala mfu za jeni za protini za ribosomu, takriban 2,000, wakati zilizo hai ni kama 80. Zilizaliwa mRNA ziliponakiliwa kurudi kuwa DNA na kuchomekwa popote, na mgeni anaweza kuisoma nakala mfu akidhani ameipata jeni. Dawa yake ni kutazama introni: mfu hazina, RPS19 ya kweli inazo. Majina nayo yanachosha, RPS19 kwa wanajenetiki, eS19 kwa wachora miundo. Na jeni hii haisamehi. Panya asiye na nakala hata moja nzima hufa akiwa kiinitete, kabla ya kujipachika kwenye mfuko wa uzazi.

Kinachonipa moyo ni kazi ya Lund, Sweden, ambako Stefan Karlsson na wenzake walitengeneza panya wenye upungufu wa RPS19, kisha mwaka 2014 wakatangaza kwamba kupeleka jeni nzima kwenye seli mama za damu, kwa kutumia virusi vilivyopunguzwa makali, kuliwaponya panya hao. Kwa watoto, tiba za leo ni zilezile za muda mrefu. Zipo steroidi, ambazo wengi huitikia mwanzoni. Ipo damu ya kuongezewa kila baada ya wiki chache, pamoja na dawa za kuondoa chuma kinachorundikana mwilini. Na kwa wenye ndugu au mtu wa kufanana nao, upo upandikizaji wa uboho, ambao unaponya damu.

Uamuzi wangu ni huu: kama unataka kuanza kusoma jenomu ya binadamu, anza na RPS19. Ni fupi kiasi cha kuimaliza, na ndani yake kuna njaa na shibe ya seli, ujenzi wa ribosomu, kifo cha seli, kinga na damu. Hakuna jeni nyingine fupi hivi niijuayo inayokupa yote hayo.

Nina ombi kwa waganga na wauguzi wanaosoma gazeti hili Afrika Mashariki. Kwetu mtoto akipauka tunafikiria malaria, minyoo, upungufu wa madini ya chuma na selimundu, na mara nyingi tunakuwa sahihi. Lakini akija mtoto ambaye hajatimiza mwaka, damu yake iko chini sana, seli nyekundu zake ni kubwa kuliko kawaida, zile changa karibu hakuna, huku seli nyeupe na chembe sahani ziko sawasawa, mshike mikono umtazame vidole gumba. Kimojawapo kikiwa na pingili tatu badala ya mbili, au kikiwa kidogo kuliko inavyopaswa, mpeleke kwa daktari bingwa wa damu na utaje Diamond-Blackfan. Hata vidole vikiwa vizuri, bado utaje, kwa sababu karibu nusu ya watoto hawa hawana kasoro yoyote ya maumbile.